Ukoga na Utando: Jinsi Bakteria Wanavyojenga Makazi katika Vyombo vya Kusindikia Vyakula

1.0 Utangulizi

Mwaka 1683, Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London kueleza viumbe wadogo aliowaona kwa hadubini katika ukoga wa meno yake. Alibaini pia kwamba siki iliwaua wale tu waliokuwa upande wa nje wa ukoga huo. Waliokuwa ndani walisalimika. Ugunduzi huo, wenye umri wa zaidi ya miaka 300, ndio kiini cha tatizo linalovikabili viwanda vya vyakula hadi leo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ukoga wa namna hiyo unavyojengeka juu ya vyombo vya kusindikia vyakula, na kwa nini dawa peke yake haiuondoi. Tutaanza na suala la istilahi, kwa kuwa jina lisilofaa laweza kumpotosha hata msafishaji.

2.0 Istilahi

Dhana inayohusika hapa ni ya jamii ya bakteria walioshikamana na uso wa kitu na kujifunika kwa ute walioutoa wao wenyewe. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoikaribia dhana hii. *Ukungu* haufai, kwani hutaja kuvu, ambao si bakteria. *Utelezi* hutaja sifa tu. *Ukoga* ni neno zuri na linaeleweka, ila msemaji wa kawaida huuhesabu kuwa uchafu, na uchafu hauzaani. Tunapendekeza *utando wa bakteria*. Neno utando hutumika kwa kitu chembamba kilichotanda juu ya kingine, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa. Hutumika vilevile kwa kile anachokifuma buibui. Maana hizi mbili zinahitajika hapa kwa pamoja: utando wa bakteria umetanda, na tena umejengwa na wakazi wake.

3.0 Ujengekaji wa utando

Chuma kisichoshika kutu huonekana laini kwa macho, lakini chini ya hadubini kina mikwaruzo na vishimo. Mara tu maziwa au maji ya nyama yanapokigusa, protini na mafuta hukiganda na kufanya tabaka jembamba. Bakteria wanaoelea hulifikia tabaka hili na kulishika kwa nguvu hafifu za kimaumbile. Katika hatua hii bado wanaweza kubanduka.

Wasipoondolewa, hujishikiza kwa vinyweleo vyao na kuanza kutoa ute wa sukari changamani, protini na hata DNA iliyo nje ya seli. Sehemu kubwa ya ute huo ni maji. Bakteria huzaana ndani yake, na katika spishi nyingi hupashana habari kwa kemikali: kemikali hizo zikifikia kiwango fulani, mwenendo wa kundi zima hubadilika. Utando unapokomaa huwa na vijia vya kupitishia maji na virutubisho. Hatimaye baadhi ya wakazi hubanduka na kwenda kuanzisha makazi mapya, ama kwenye chombo kingine, ama kwenye chakula chenyewe.

Klorini ikimwagwa juu ya utando, sehemu yake kubwa huishia kupambana na ute na mabaki ya chakula kabla ya kuwafikia bakteria wa ndani. Isitoshe, wale wa chini kabisa hukua polepole kwa uhaba wa chakula na oksijeni, na seli iliyozubaa huwa ngumu kuiua. Hii ndiyo siki ya Leeuwenhoek.

4.0 Athari na udhibiti

Bakteria anayeogopwa zaidi katika nyama zilizo tayari kuliwa ni *Listeria monocytogenes*, ambaye hukua hata ndani ya jokofu. Kati ya Januari 2017 na Julai 2018, Afrika Kusini iliorodhesha wagonjwa 1,060 wa listeriosisi, na vifo 216 vilithibitishwa. Watoto wachanga waliathirika sana. Mwezi Machi 2018 serikali ilitangaza kuwa chanzo kilikuwa poloni iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja mjini Polokwane. Aina ileile ya bakteria, iitwayo ST6, ilipatikana katika sampuli zilizochukuliwa kwenye mazingira ya kiwanda hicho. Poloni hupikwa, kwa hiyo hatari kubwa huwa katika nyuso inazozigusa baada ya kutoka jikoni.

Nyuso zinazosahaulika ni mipira ya kuzibia viungo vya mabomba, maungio yaliyochomelewa vibaya, mifereji ya sakafuni na matumbo ya mashine za kukatia nyama. Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko ukali wa dawa. Chombo kwanza husuuzwa, kisha husuguliwa kwa sabuni ili ute ukatike, kisha husuuzwa tena. Dawa ya kuulia vijidudu huja mwisho. Anayeanza na dawa huwaua wa nje tu.

Kwa sababu hiyohiyo, dumu la plastiki lenye mdomo mwembamba, linalotumiwa na wachuuzi wengi wa maziwa Afrika Mashariki, halifai hata likitiwa dawa kila siku. Mkono haupiti kwenye mdomo wake, na ndani ya mpini wenye uwazi hata brashi haifiki.