Mwenye Klabu Aliyeliliwa na Wasiomjua

Shuka matatu ya nambari 46 kule Kawangware siku ya Jumamosi alasiri, uwapite wauza mitumba na wachoma mahindi, nawe hutakosa kuona ubao mweusi ulioegemezwa kwenye ukuta wa mabati. Umeandikwa kwa chaki majina ya timu za Uingereza na saa za mechi. Ndani ni giza, mabenchi yamebanana, na kwa shilingi chache mtu huketi humo hadi usiku. Vuka uende Kibera, uteremke Gatwekera au Makina, utakuta ubao ni ule ule. Waingiao wengi ni wa Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool, na mabishano yao hayana mwisho. Wa Leicester City ni wa kuhesabu kwa vidole.

Hata hivyo, mtaje marehemu Vichai Srivaddhanaprabha, tajiri wa Thailand aliyekuwa mwenye klabu hiyo, uone jinsi kelele zinavyopungua. Ukoo wake huwashinda wengi kuutamka, wala si ajabu, kwani si jina alilozaliwa nalo. Zamani aliitwa Raksriaksorn, na hili jipya alitunukiwa na Mfalme Bhumibol. Kwa mashabiki yeye ni Vichai, basi.

Alifariki usiku wa Jumamosi, Oktoba 27, 2018. Leicester walikuwa wametoka sare ya 1-1 na West Ham nyumbani, mechi iliyoanza saa moja na nusu usiku kwa saa zetu. Kama ilivyokuwa desturi yake, Bw. Vichai alipanda helikopta iliyotua katikati ya uwanja. Ilipaa, ikapita paa la uwanja, kisha ikaanza kuzunguka kama pia na kuanguka karibu na maegesho ya magari. Watu wote 5 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba beringi ya rafadha ya mkiani ilikuwa imekwama, na rubani hakuwa na la kufanya. Huku kwetu ilikuwa yapata saa nne na nusu, vibanda vya video vikifungwa, na habari ikapita katika simu za mkononi kabla watu hawajafika makwao.

Kwa nini kifo cha mtu huyo kiliwagusa watu wa Kibera ambao hawakuwa hata mashabiki wa klabu yake? Jibu limo katika msimu wa 2015/16. Msimu uliotangulia, Leicester walikuwa mkiani siku ya Krismasi, wakaponea chupuchupu kwa kushinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho. Kampuni za kamari za Uingereza zikaweka uwezekano wao wa kutwaa ubingwa kuwa 5,000 kwa 1. Mkazi wa Kawangware huhitaji kalamu kulielewa jambo hilo? Shilingi 100 ingezaa laki tano! Miaka hiyo kamari ya simu ilikuwa imeingia mitaani kama moto wa nyika, na vijana wengi walizipiga hesabu hizo kwa uchungu, kwa sababu walikuwa wameziweka shilingi zao kwingine.

Kikosi chenyewe kilifanana na timu ya mtaa. Jamie Vardy, ambaye wakati mmoja alifanya kazi kiwandani, alinunuliwa kutoka klabu isiyo hata katika ligi za kulipwa. Riyad Mahrez wa Algeria alipatikana Ufaransa kwa bei ya kutupa, na mwaka wa 2016 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa mwaka nchini Uingereza. N'Golo Kanté, mtoto wa wazazi wa Mali, alikimbia kana kwamba ana mapafu manne. Usiku wa Mei 2, 2016, Tottenham walipotoka sare ya 2-2 na Chelsea, ubingwa ulikuwa wa Leicester. Ilikuwa yapata saa sita usiku Nairobi.

Bw. Vichai aliinunua klabu hiyo mwaka wa 2010, fedha zake zikitoka kwa kampuni yake ya King Power inayouza bidhaa zisizotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Thailand. Madeni ya zaidi ya pauni milioni 100 ambayo klabu ilidaiwa na kampuni yake aliyageuza kuwa hisa. Alitoa pauni milioni 2 kwa hospitali ya watoto ya Leicester. Siku yake ya kuzaliwa mashabiki walipewa bia na donati bure, na watawa wa Kibudha waliletwa kutoka Bangkok kuubariki uwanja. Haya ya bia ndiyo yanayosimuliwa zaidi kuliko ya madeni, na mimi naelewa. Deni halionekani, chupa ya bia huonekana.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Februari 2017, miezi 9 tu baada ya ubingwa, Claudio Ranieri, kocha aliyeuleta, alifutwa kazi. Wapo ambao mpaka leo hawajalisamehe jambo hilo, nami ni mmoja wao.

Neno lenyewe, mwenye klabu, ni geni masikioni mwetu. Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka wa 1968, na AFC Leopards, iliyozaliwa mwaka wa 1964 ikiitwa Abaluhya, ni mali ya wanachama, wala hakuna awezaye kuziuza kama ng'ombe. Zina wenyekiti wanaochaguliwa, na zina walezi. Kibera ilimlilia mlezi wake mwaka wa 2025, wakati Raila Odinga, mlezi wa Gor Mahia na mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, alipofariki Oktoba 15. Watu walijitokeza barabarani na matawi mabichi mikononi. Lakini mlezi hutoa baraka na pengine mchango. Mishahara si kazi yake. Kampuni ya kamari iliyokuwa mdhamini ilipojiondoa mwaka wa 2019, vilabu vikubwa vilibaki mikono mitupu.

Kawangware ndiyo iliyowahi kuonja namna nyingine. Kutoka Kawangware United ilizaliwa World Hope, iliyoanza mwaka wa 2003 na kutwaa kombe la taifa mwaka wa 2005. Baadaye ikawa Nairobi City Stars, ikashuka, na mwaka wa 2020 ikapanda tena ligi kuu chini ya wakfu wa mfanyabiashara. Kwa hiyo swali la Vichai, yaani kama heri tajiri mmoja mwenye moyo au wanachama elfu wasio na fedha, huko si la kinadharia. Hubishaniwa kwa kinyozi, na mashabiki wa Leopards hawapendi kabisa kusikia neno kuuza.

Watu wa Leicester walivyomwaga machozi pia kulifahamika huku. Novemba 3, 2018, Demarai Gray alifunga bao pekee dhidi ya Cardiff, akavua jezi kuonyesha jina la Vichai, na mwamuzi akampa kadi ya manjano kama sheria inavyotaka. Wachezaji wakapanda ndege kwenda mazishini Bangkok. Wiki iliyofuata, kabla ya mechi na Burnley, maelfu waliandamana kwa miguu hadi uwanjani. Mjaluo akiyaona hayo hukumbuka tero buru, wanaume wanapofukuza kifo kwa ng'ombe na nyimbo. Mluhya hukumbuka shilembe, mafahali yanapotolewa kwa heshima ya mtu mkubwa.

Na katika umati huo kulikuwa na wa kwetu. Leicester ni mji wa Wahindi wengi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 60 na Uganda mwaka wa 1972, Idi Amin alipowafukuza. Baraza la mji huo lilitangaza gazetini Kampala kuwasihi wasije. Walikuja, na wajukuu wao hushangilia timu iliyomilikiwa na Mthai.

Mwanawe, Aiyawatt, alirithi kiti. Mei 15, 2021 Leicester waliishinda Chelsea 1-0 na kutwaa Kombe la FA kwa mara ya kwanza, naye akaitwa kiwanjani kulipokea pamoja na wachezaji. Sanamu ya baba yake ilizinduliwa Aprili 4, 2022, siku ambayo angetimiza miaka 64. Mwaka uliofuata timu iliteremshwa. Ilirudi 2024, ikateremshwa tena 2025, na mashabiki wale wale waliomlilia baba wakaanza kumzomea mwana. Kule Kawangware mwenye kibanda alilifuta jina la Leicester ubaoni kwa kitambaa chenye maji, akaandika jingine mahali pake.