Mita: Kutoka Kiwiko Hadi Kasi ya Mwanga

Tangu zamani Waswahili wamepima kwa viungo vya mwili. Shibiri huanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Mkono, au dhiraa, huanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono yote miwili iliyonyooshwa, ncha hadi ncha. Ni vipimo vyepesi, kila mtu anavyo. Lakini muuza kitambaa akiwa na mkono mfupi, mnunuzi hupunjika.

Ufaransa nayo ilisumbuliwa na jambo hilohilo, maana vipimo vilitofautiana mji kwa mji. Mwaka 1791, wakati wa Mapinduzi, wanasayansi wa Paris walipendekeza kipimo kitokane na dunia, isiyo mali ya mfalme yeyote. Mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta.

Mwaka 1792 Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain walianza kupima kipande cha umbali huo, kutoka Dunkerque hadi Barcelona, ili wakokotoe uliobaki. Walipanda minara ya makanisa na vilele vya milima, wakapima pembe za pembetatu moja baada ya nyingine. Vita vilikuwa vimepamba moto, na watu waliwatilia shaka kwa vyombo vyao vya ajabu. Mwaka 1799 jibu lao liligeuzwa ufito wa platinamu, ukahifadhiwa Paris.

Baadaye ilibainika kuwa ufito huo ulikuwa mfupi kwa takriban milimita 0.2 kuliko ilivyokusudiwa. Urefu wake haukubadilishwa hata hivyo, kwani nguvu ya kipimo ni makubaliano. Hofu ilikuwa kwingine: ufito hutanuka kwa joto, na unaweza kuharibika au kupotea.

Ndiyo maana mwaka 1960 mita ilihamishiwa kwenye mwanga wa atomu za kriptoni. Mwaka 1983 ikawa umbali unaokwendwa na mwanga, mahali pasipo hewa, katika sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde. Sasa maabara yoyote yenye vifaa inaweza kuipata mita bila kwenda Paris.

Simu inayokuonyesha njia hutumia kanuni hiyo: mawimbi ya redio kutoka setilaiti husafiri kwa kasi ya mwanga, na muda wa safari yake hugeuzwa umbali. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa sentimita 30 hivi. Siku hizi, anayetaka kupima urefu kwa usahihi mkubwa huanza na saa.