Gari la Msukumo wa Nyuma katika Utelezi wa Milimani

Si ajabu, katika mwezi wa Aprili, kuona gari dogo la abiria aina ya Hiace likikodishwa Madale, nje kidogo ya Dar es Salaam, kuwapeleka wafiwa Lushoto au Bumbuli. Gari hilo limezoea mchanga na makorongo ya mitaa ya Tegeta na Madale. Dereva hutazama mafuta ya injini, hujaza upepo katika magurudumu, huongeza maji katika rejeta, kisha huona maandalizi yamekwisha. Kutoka Bagamoyo hadi Msata, Segera, Korogwe na Mombo huenda juu ya lami bila tabu, na hata kilometa 33 hivi za kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto zina lami. Tabu huanza pale gari linapoiacha lami na kushika njia ya udongo mwekundu, mvua ikinyesha, genge likiwa upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili.

Theluji ya Tanzania hukaa kileleni mwa Kilimanjaro, mahali ambapo hapafiki barabara ya gari. Kwa sababu hiyo elimu ya kuendesha juu ya theluji huonekana kuwa haimhusu mtu wa pwani. Hata hivyo, watu wa Ulaya ya kaskazini na Marekani, ambao kwa miaka mingi waliendesha magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma wakati wa baridi kali, walijifunza mambo ambayo yanaifaa Usambara bila kubadilishwa sana. Tairi halijui rangi ya kitu kilicho chini yake. Linachojua ni msuguano.

Wanasayansi huupima msuguano kwa namba inayolinganisha kani ya mshiko na uzito unaokandamiza. Juu ya lami kavu namba hiyo ni 0.7 au zaidi. Juu ya lami iliyolowa hukaribia 0.5; juu ya theluji iliyoshindiliwa huwa kati ya 0.2 na 0.3, na juu ya barafu inayoanza kuyeyuka hushuka hadi 0.1 au chini ya hapo. Udongo wa mfinyanzi uliolowa juu tu, huku chini ungali mgumu, unaweza kushuka hadi 0.2, yaani sawa na theluji. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu 2 za elfu za milimeta, nazo zina umbo bapa kama magamba ya samaki. Maji yakiingia baina yake, magamba hayo huteleza moja juu ya jingine. Ndiyo maana manyunyu ya kwanza huweza kuwa ya hatari kuliko mvua kubwa ya siku nzima.

Mwalimu anayetaka kulithibitisha jambo hili darasani hahitaji maabara. Kibao kipakwe udongo wa mfinyanzi, juu yake kiwekwe kipande cha tofali kilichogandishwa soli ya kandambili kwa chini, kisha kibao kiinuliwe upande mmoja polepole. Pale tofali linapoanza kuteleza, kimo cha upande ulioinuliwa kigawanywe kwa urefu wa mlalo. Jawabu ndilo namba ya msuguano. Jaribio lirudiwe udongo ukiwa mkavu, ukiwa umenyunyiziwa maji kidogo, na ukiwa umeloa kabisa, wanafunzi watashangaa.

Sasa litazamwe gari lenyewe. Katika Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, lakini nguvu yake hupelekwa nyuma kwa propela hadi kwenye difu na magurudumu ya nyuma. Mark II, Crown na pikapu nyingi za kawaida zimejengwa kwa mpango huohuo. Maana yake ni kwamba gari likiwa tupu, uzito mkubwa uko mbele, na kazi ya kusukuma iko nyuma. Ichukuliwe kwa mfano gari la kilo 1,800, pamoja na dereva, ambalo kilo 1,000 zimelala juu ya ekseli ya mbele na 800 juu ya ekseli ya nyuma. Juu ya udongo wenye msuguano wa 0.2, mwinuko mkali kabisa ambao gari hilo laweza kuupanda hupatikana kwa kuzidisha 0.2 kwa sehemu ya uzito iliyo nyuma, yaani 800 kwa 1,800. Jawabu ni 0.089: karibu meta 9 za kupanda kwa kila meta 100 za mlalo. Ukubwa wa injini haumo katika hesabu hii hata kidogo. Dereva anayekanyaga mafuta zaidi pale gari linapokwama anaongeza kitu ambacho hakikupungua.

Wapakiwe sasa abiria 12 wa kilo 60 kila mmoja, jumla kilo 720, na tuseme kilo 500 kati ya hizo zimeangukia nyuma. Uzito wa nyuma umekuwa 1,300 katika 2,520, na mwinuko unaowezekana umepanda hadi meta 10.3 kwa kila 100. Hapa ndipo desturi iliyozoeleka inapokwenda kinyume cha fizikia. Gari likishindwa kupanda, abiria huambiwa washuke ili liwe jepesi. Katika mlima wa meta 10 kwa 100 wenye utelezi mwembamba juu ya ardhi ngumu, gari hilo lililojaa lingepita, na likiwa tupu halipiti.

Haifai mtu yeyote achukue hesabu hiyo kama sababu ya kuwaacha watu ndani ya gari linaloyumba kando ya genge. Abiria na washuke, watembee. Lakini uzito wao ubaki. Njia ya kuufanya ubaki ni ya zamani sana katika nchi za theluji: mifuko ya mchanga. Mifuko sita ya kilo 50, ikipangwa sawasawa juu ya ekseli ya nyuma, huufikisha uzito wa nyuma kilo 1,100 katika 2,100, na mwinuko unaowezekana huwa meta 10.5, zaidi hata ya ule wa gari lililojaa watu. Hakuna haja ya kuubeba mchanga huo kutoka Madale. Viroba vitupu na sepeto vyatosha; mchanga utachotwa mtoni pale lami inapoishia. Tena mchanga huohuo, kidogo ukimwagwa mbele ya gurudumu, huongeza msuguano wenyewe. Jambo la kuangalia ni kwamba mifuko ifungwe isihame, na isirundikwe mkiani kabisa. Mzigo ulio nyuma ya ekseli hufanya kama mtu aliyekaa ncha ya pembea: huinua upande wa mbele, na magurudumu ya mbele yakikosa uzito usukani haukati kona.

Hesabu hizi zimeacha nje mambo mawili. Kwanza, gari likiinama mlimani uzito kidogo huhamia nyuma wenyewe, jambo ambalo ni faida kwa msukumo wa nyuma. Pili, katika tope zito ambamo magurudumu yanazama hadi nusu, uzito ni hasara, maana kila kilo inazidi kulididimiza gari. Dereva apaswa kushuka na kuchoma tope kwa fimbo kabla ya kuamua. Fimbo ikigonga ardhi ngumu karibu, uzito ni rafiki. Ikizama, gari lisiingie.

Kuhusu matairi, mengi husemwa gereji ambayo si kweli. Tairi lenye kipara halina mahali pa kulipeleka tope, hivyo huteleza juu yake. Meno marefu yenye nafasi pana hulitupa tope nje na kuuma upya. Tairi pana si lazima liwe bora: juu ya theluji nyembamba na juu ya utelezi mwembamba, tairi jembamba hukata na kufikia ardhi ngumu, hali lile pana huelea. Kupunguza upepo husaidia sana katika mchanga, kwa kuwa tairi hulala na kugawa uzito mahali papana. Juu ya utelezi mwembamba faida yake ni ndogo. Anayepunguza lazima awe na pampu ya kujaza tena kabla ya kurudi kwenye mwendo wa kasi, maana tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kupata joto hadi kupasuka. Minyororo nayo, ile inayovishwa matairi, hufungwa katika magurudumu yanayosukuma, yaani ya nyuma kwa gari hili, nayo huvuliwa mara lami inapofikiwa. Anayetumia kamba badala ya mnyororo ahakikishe haigusi bomba la breki.

Difu nayo ina tabia inayowashangaza wengi. Kifaa hiki huyaruhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Lakini katika muundo wake wa kawaida huyapa magurudumu hayo kani sawa ya kuzungusha. Moja likiwa juu ya ute lisipate mshiko, na lile la pili likiwa juu ya mwamba, la mwambani hupewa kani ndogo ileile ya mwenzake. Matokeo yake moja huzunguka kama feni na jingine hutulia tuli. Kwa gari ambalo breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, kuivuta breki hiyo kidogo huku mafuta yakikanyagwa polepole hulipa gurudumu linalozunguka kitu cha kupambana nacho, na hapo lile la pili hupata kani ya kusukuma.

Wapo wasemao kwamba bila magurudumu manne yanayosukuma haifai kabisa kwenda milimani. Historia ya mashindano ya magari ya Safari yasema vingine. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 katika nchi za Afrika Mashariki, nayo kwa kawaida yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, ni 7 tu yaliyomaliza, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404, gari la msukumo wa nyuma. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kwa magari ya Datsun ya msukumo wa nyuma. Ilikuwa mwaka 1987 ndipo gari la magurudumu manne yanayosukuma, Audi ya Hannu Mikkola, liliposhinda kwa mara ya kwanza. Ni kweli kwamba madereva hao hawakuwa watu wa kawaida, na magari yao hayakuwa ya kubebea wafiwa.

Dereva wa kawaida anahitaji kujua jambo moja juu ya mshiko: ni akiba moja inayotumiwa kwa kazi mbili. Sehemu inayotumika kusukuma gari mbele haipatikani tena kulizuia lisiende kando. Gurudumu la nyuma likisokota bure, akiba yote imekwisha, na mkia wa gari huanza kwenda upande wa bondeni. Ndiyo sababu inafaa kuondoka kwa gia ya pili badala ya ya kwanza, klachi ikiachiwa taratibu. Mkia ukianza kuponyoka, mguu uondolewe kwenye mafuta polepole, breki isiguswe, na usukani ugeuzwe upande uleule ambako mkia unaelekea. Zoezi hili lifanywe mahali pa wazi penye tope na pasipo watu, siku nyingi kabla ya safari, kwa sababu mkono hauna wakati wa kufikiri.

Kimo nacho hudai haki yake. Lushoto iko karibu meta 1,400 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya Madale, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima cha rejeta hufidia upungufu huo, kwani huyabana maji ndani na kukipandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 20. Kifuniko chenye mpira uliochakaa hakifidii kitu.

Wengi huuogopa mpando na kuudharau mteremko. Gari lenye abiria, kilo 2,500 kwa jumla, likishuka kutoka Lushoto hadi Mombo hupungua kimo kwa takribani meta 1,000, na nishati inayopaswa kupotezwa njiani ni jouli milioni 24.5. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita 78 za maji yaliyokuwa na nyuzi 25, karibu ndoo nne. Dereva akilitegemea pedali peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika breki. Inafaa gia ndogo ichaguliwe kileleni, kabla ya mteremko kuanza. Kuishusha gia kwa ghafla katikati ya utelezi ni hatari ya pekee kwa gari la msukumo wa nyuma: injini huyazuia magurudumu ya nyuma tu, ambayo katika kuteremka yamebeba uzito mdogo kuliko wakati wowote, nayo hukwama na kuuachia mkia.

Na kuna jambo moja ambalo hali ya hewa ya pwani hulifanya kimyakimya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mapovu, na povu hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikazama hadi sakafuni, gari lisisimame. Gari lililokaa Madale miaka mitatu bila kubadilishwa mafuta hayo laweza kufunga breki vizuri kila siku katika foleni ya Mwenge, kisha likazikosa katika kona za Soni. Fundi huimaliza kazi ya kuyabadili kwa saa chache, na huifanya siku moja kabla ya kuondoka, si asubuhi ya safari wafiwa wakiwa wameshakaa vitini.