Kukimbia kwa Afya: Ijue Njia Yako Kwanza

Ndugu msomaji, huenda umewahi kumwona mtu akikimbia barabarani asubuhi, ukajiuliza anafukuzwa na nani. Wako wanaosema kukimbia ni kazi ya askari na watoto wa shule. Wengine huuliza: mtu anayelima tangu asubuhi hadi mchana ana haja gani ya kukimbia?

Swali hilo ni la haki. Anayelima kwa jembe, anayechota maji mbali na kupanda mlima na mzigo kichwani, mwili wake umekwisha pata mazoezi. Lakini si kila mtu kijijini anafanya kazi hizo. Mwenye duka hukaa. Fundi cherehani hukaa. Mwalimu husahihisha madaftari, na kijana wa bodaboda hukaa juu ya pikipiki kutwa. Hata mkulima, baada ya mavuno, huweza kupita wiki nyingi bila kushika jembe. Ndiyo maana shinikizo la damu na kisukari, tuliyozoea kuyaita magonjwa ya mjini, sasa yanaonekana vijijini pia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate kila wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi mazito, kama kukimbia. Dakika 75 ni sawa na dakika 25 kwa siku tatu. Mazoezi hayo hayahitaji uwanja wala fedha nyingi. Yanahitaji njia.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hutoka mbio kwenye njia yoyote, huumia, kisha husema kukimbia ni kubaya. Tuchukue mfano wa Mkoa wa Tanga, maana humo njia za namna tatu zinapatikana: mashamba ya Muheza, pwani ya Pangani na milima ya Usambara huko Lushoto. Msomaji wa mkoa mwingine alinganishe na kwao.

Njia ya mashambani

Njia ya tambarare ndiyo shule ya anayeanza. Katika mashamba ya mkonge ziko barabara za udongo zilizonyooka. Udongo ulioshindiliwa si mgumu kama lami wala hautitii kama mchanga, na mguu hukanyaga sawasawa.

Anza hivi. Tembea dakika 4, kimbia polepole dakika 1. Rudia mara 6. Hizo ni dakika 30. Fanya hivyo siku 3 kwa wiki, ukiacha siku ya kupumzika katikati. Kila wiki punguza kidogo dakika za kutembea na ongeza za kukimbia. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: ukikimbia na mwenzako uweze kuzungumza naye. Ukishindwa kumaliza maneno machache, umezidisha mwendo. Punguza.

Njia hii ina hatari zake. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mkali, basi kaa katikati ya njia. Usitoke kabla ya kupambazuka, kwa sababu nyoka hulala njiani na gizani humwoni. Ukiumwa na nyoka, usichanje wala usifunge kamba. Tulia, usitumie kiungo kilichoumwa, uchukuliwe haraka hospitalini. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukapate chanjo siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa.

Njia ya pwani

Watu wa Pangani wana ufuko mrefu, na mtu hudhani mchanga ni laini kwa miguu. Ni kweli hauchubui, lakini unachosha. Kukimbia juu ya mchanga mkavu unaotitia hutumia nguvu zaidi ya mara moja na nusu kuliko kukimbia kwenye ardhi ngumu. Misuli ya nyuma ya mguu na mshipa wa kisigino hufanya kazi kubwa. Kwa hiyo anayeanza akimbie kwenye mchanga ulioloa, ulio mgumu, karibu na maji. Mchanga mkavu aukimbie dakika chache tu, mpaka miguu izoee.

Ufuko pia umeinama kuelekea baharini. Ukienda upande mmoja tu, mguu mmoja hukanyaga chini zaidi ya mwingine, na goti huanza kuuma. Chagua sehemu iliyo sawa, na urudi kwa njia ile ile uliyoendea.

Jambo kubwa zaidi ni maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Leo maji yakikupwa kabisa saa 1 asubuhi, kesho yatakupwa karibu saa 2 kasoro dakika 10. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali sana na kurudi kwa nguvu. Anayekimbia bila kujua huvuka kijito cha mikoko kikiwa kikavu, na akirudi hukuta kimejaa. Usijaribu kukivuka. Panda juu, zunguka, au ngoja. Ni bora uwaulize wavuvi kabla ya kutoka, na uanze maji yakiwa bado yanatoka.

Njia ya milimani

Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ya baridi humfaa mkimbiaji, na nchi za miinuko zimetoa wakimbiaji wengi. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, alizaliwa Karatu.

Lakini usianze na mlima. Kwanza ukimbie tambarare kwa wiki kadhaa bila kuumia. Unapopanda, fupisha hatua. Pakiwa pakali, tembea. Kutembea mlimani si aibu, moyo unaendelea kufanya kazi. Wengi huogopa kupanda, kumbe kushuka ndiko kunakoumiza misuli zaidi. Mapaja huuzuia mwili usianguke, na maumivu huzidi siku ya pili. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakikunjika kidogo.

Mvua ikinyesha, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, basi acha njia za mkato. Kwenye barabara ya magari, kimbia upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja. Vaa nguo ya rangi ya kung'aa, na penye kona kali simama utazame kwanza.

Kwa njia zote tatu

1. Vaa viatu. Raba za kawaida zinatosha kama hazibani. Kandambili hazifai. Peku hukaribisha vigae, ndoana na miiba, na mabuu ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu palipo na kinyesi. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji safi. Uliza pia zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda.

2. Kimbia mapema. Pwani, wakati wa kaskazi, kufika saa 2 asubuhi jua limekwisha kuwa kali. Kunywa maji safi na salama kabla na baada.

3. Kina mama wakimbie wawili au zaidi, kwa nguo pana isiyonasa miguuni. Kanga hufunga hatua. Kila mtu aseme nyumbani anapita njia gani.

4. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari, pumu, selimundu, au mwenye mimba, aonane kwanza na mganga.

5. Simama mara moja ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, na uende kituo cha afya. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa kwa joto, mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na muite msaada.

Ndugu msomaji, mkimbiaji bora si yule anayewapita wenzake wiki ya kwanza, bali yule ambaye mwaka ujao bado utamwona njiani.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, nani hukaa kutwa bila kuuchosha mwili?

2. Taja njia tatu zinazofaa kukimbilia. Kila moja ina hatari gani, na inafaa saa ngapi?

3. Tufanye nini ili kina mama na wazee nao wazitumie njia hizo bila hofu?