"Niko kadi": neno dogo, amana kubwa



Ijumaa iliyopita, baada ya swala katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, nilipanda matatu nambari 46 hadi Kawangware kumtembelea kakangu. Jioni nikacheza karata na wanawe. Nilibaki na saba ya kopa peke yake. Zamu yangu ilipofika nikaibwaga, nikainuka kwa furaha.

"Ami, hukusema niko kadi," akasema mdogo wao.

Nikamjibu kwamba nilisema kimoyomoyo. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Kwa sisi tuliokulia kwenye bao na dhumna, nieleze kidogo. Mchezo huu, ambao Nairobi huitwa kadi au poka (si ile poka ya kasino), ni wa kumaliza karata zako kwanza. Unatupa karata inayolingana kwa namba au kwa aina na ile iliyo juu. Mbili na tatu humwokotesha anayefuata. Nane na malkia ni maswali, lazima uyajibu. Ghulamu huruka mtu, mfalme hugeuza mzunguko, na ree hukupa ruhusa ya kuitisha aina uitakayo. Karata za kumalizia ni za kawaida tu: nne, tano, sita, saba, tisa na kumi.

Lakini kabla ya kumaliza, zamu moja nyuma, sharti utangaze: "Niko kadi." Usiposema, ushindi wako haupo. Meza nyingine hukuokotesha karata juu yake.

Tangazo hilo lina gharama. Ukishasema, wenzako wanakuwekea mbili, wanageuza mzunguko, wanabadilisha aina. Umewapa silaha kwa mdomo wako.

Wajapani wana jambo kama hilo katika mchezo wao wa majong. Watu wanne hucheza kwa vigae 136; kila mmoja hushika 13 na kutafuta cha 14 kinachokamilisha. Akibakisha kimoja tu, na hajachukua kigae cha mwenzake, anaweza kusema "riichi". Hulaza kando kigae anachotupa na kuweka mezani kijiti cha pointi 1,000. Tangu hapo hana ruhusa ya kupanga upya mkono wake. Asichokihitaji anakitupa, hata kama kitampa mwenzake ushindi. Akishinda, thamani ya mkono wake huongezeka. Na ikigundulika alitangaza uongo, hutozwa faini.

Tofauti ni kwamba riichi ni hiari, mtu anaweza kunyamaza akavizia. Kadi ni wajibu. Ila maana ni moja: mwenye kukaribia kushinda awaambie wenzake, wajikinge. Anayeshinda baada ya hapo, kashinda kweli.

Wengine huweka pesa mezani. Hapo si mchezo tena, ni kamari, nami simo. Sisi hatukuweka hata shilingi, na ndiyo sababu nilijiona ninaruhusiwa kuteleza. Mtoto wa miaka kumi na moja alijua kwamba kama neno halina thamani bila pesa, basi halikuwa na thamani hata kidogo.

Nikarudisha saba yangu mkononi, nikaokota mbili. Mchezo aliushinda yeye, baada ya kutangaza kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani.