Je, Wajua? Kiti cha bunge kilichotoka kwenye bakuli
Mwaka 2017, David Yancey wa chama cha Republican alitetea kiti chake cha Newport News katika bunge la jimbo la Virginia, Marekani, dhidi ya Shelly Simonds wa Democratic. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa, Simonds aliongoza kwa kura moja tu. Kesho yake majaji wakamhesabia Yancey karatasi ya kura iliyokuwa na alama za wagombea wote wawili, ile ya Simonds ikiwa imekatwa kwa mstari. Wakafungana: 11,608 kwa 11,608! Januari 4, 2018, majina yakatiwa katika vikopo vya filamu za kamera, vikatumbukizwa kwenye bakuli la kauri. Likatoka la Yancey, na Republican wakabaki na viti 51 dhidi ya 49. Simonds alikitwaa kiti hicho mwaka 2019, safari hii bila bakuli.