Je, Wajua? Injini ikioshwa, gari laweza kugoma

Kiangazi, gari likirudi Mpanda kutoka Karema huwa na vumbi hadi chini ya boneti, na mwenyewe hutaka lioshwe hata injini. Baadaye stata inazunguka vizuri, gari haliwaki. Au linawaka huku linamisi. Betri ndiyo hulaumiwa, bure tu.

Chunguza kwanza mashimo ya plagi. Koili hutoa umeme wa volti 20,000 na zaidi ili uruke kwenye ncha ya plagi na kutoa cheche. Maji yakituama humo, umeme hupita njia rahisi ukaishia kwenye chuma cha injini. Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri. Uchafu na chumvi ndivyo vinavyoyawezesha.

Injini ya dizeli haina shida hii, kwani huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, ingawa sensa zake nazo hazipendi maji.

Usiendelee kupiga stata. Injini ikipoa, chomoa koili, omba upepo wa kompresa kwa mziba pancha, ukaushe mashimo kabla ya kufungua plagi. Siku nyingine, funika koili na alteneta kwa nailoni kabla ya kuosha.